Kabla kanisa halijasaini mkataba na serikali

Kwa miaka sita nilikuwa mweka hazina wa huduma ya chakula cha watoto katika kanisa moja la Wamarekani weusi hapa Philadelphia. Siku hizi ndugu wa makanisa yetu ya Kiswahili wananiuliza nao wafanyeje wapate fedha za serikali wahudumie mtaa. Mimi huwauliza kwanza: daftari la hesabu anashika nani?

Maana fedha hizi mara nyingi huja baada ya kazi. Katika mpango wa serikali wa chakula cha kiangazi, mnanunua maziwa, mnapika, mnahesabu kila mlo, halafu ndipo mnadai. Kiangazi chetu cha kwanza, fomu za siku tisa zilijazwa jioni kwa kukumbukakumbuka, badala ya pale pale mtoto anapopokea chakula. Milo ile haikulipwa. Watoto walikula, niliwaona kwa macho yangu, lakini mkaguzi anasoma karatasi tu. Pengo tuliliziba kwa sadaka ya ujenzi, na akina mama wa jikoni waliumia sana.

Baada ya hapo tulisajili shirika pembeni ya kanisa, lenye bodi yake na akaunti yake, ili fedha za serikali na sadaka zisichanganyike. Wazee wetu walikwishaijua njia hiyo. Mchungaji Leon Sullivan wa kanisa la Zion Baptist, mji huu huu, alipoanzisha mafunzo ya kazi ya OIC (Opportunities Industrialization Center) mwaka 1964 ndani ya jengo la jela kuukuu, aliyaweka chini ya shirika linalojitegemea. Sheria ya Marekani ya misaada kwa maskini ya mwaka 1996 iliyafungulia makanisa mlango mpana zaidi bila kuyataka yashushe msalaba ukutani. Hata hivyo, ruzuku inayotoka serikalini moja kwa moja hailipii ibada, na Mwislamu akija na wanawe anahudumiwa kama mwingine yeyote.

Kisha wekeni akiba ya miezi mitatu. Hili nalisisitiza kuliko yote. Mwaka mmoja shule ya mtaani kwetu ilitakiwa kufungwa, na mkataba wetu ulikuwa bado mezani kwa wakubwa wa serikali. Mzee mmoja alishauri tunyamaze kwanza, tusije tukaukosa. Mchungaji akaniita ofisini, akauliza tukikosa mkataba watoto watakula hadi lini. Nikamwambia, kwa akiba yetu, hadi kiangazi kiishe. Akachukua koti lake, akaenda kwenye kikao cha shule, akasema yote aliyokuwa nayo moyoni.