Baharia kakwama kisiwani peke yake, anaruhusiwa kunywa damu ya kasa?

SWALI: Asalam aleikum sheikh wangu. Mie nafanya kazi melini, juzi tumesoma habari za yule baharia wa Kiholanzi Leendert Hasenbosch alieachwa peke yake kisiwa cha Ascension huko Atlantiki mwaka 1725, pakavu kweli, maji yakamuishia mpaka akawa anakunywa damu ya kasa na mkojo wake mwenyewe. Sasa meli ikizama nikatupwa mahali kama pale nafanyaje, si bora nife na dini yangu? Na swala je?

JIBU: Waaleikum salam warahmatullah mwanangu. Hilo la "bora nife" limenishtua kuliko hiyo damu. Sio bora hata kidogo. Allah alipoharamisha nyamafu na damu kwenye Baqara aya ya 173 hapohapo akamtoa alieshikwa na dharura, asiefanya kwa kutamani wala kupitiliza, na kwenye madhehebu yetu ya Shafii kauli yenye nguvu ni kwamba kula hapo ni WAJIBU, ukigoma mpaka ukafa umejiua, na Nisaa aya ya 29 inasema msijiue. Kwa hiyo kasa, ambae kwetu haliwi kwa vile anaishi bahari na nchi kavu (wapo maulamaa wanaomhalalisha), huko utamla, na damu na mkojo utakunywa kiasi cha kuokoa roho basi.

Lakini dharura haianzi na kiu ya kwanza, tafuta kwanza! Mwaka 1701 meli ya Muingereza Dampier ilizama hapohapo Ascension na watu wake wakaishi wiki kama tano mpaka wakachukuliwa, mana walipanda juu wakapata maji, na kasa walikuwepo.

Samaki aliekufa mwenyewe akaletwa na mawimbi huyo halali hata bila dharura, mradi hajaoza akawa wa kukudhuru. Jeshi la Abu Ubayda, sahaba wa Mtume, watu 300, njaa iliwafikisha kula majani, wakakuta nyangumi katupwa ufukweni wakamla siku nyingi tu, na Mtume (saw) waliporudi akaomba na yeye nyama yake akala.

Udhu watu wengi wanadhani utatayamamu (kujipaka udongo badala ya maji), kumbe bahari ipo! Kuna mtu alimuuliza Mtume, sisi tunasafiri baharini na maji tuliyobeba machache, tukitawadhia tutapata kiu, tutawadhe ya bahari? Akamjibu maji yake ni tohara na maiti wake (samaki wake aliekufa) ni halali. Yani maji ya mvua uliyokinga ni ya kunywa, usiyamwage kwenye udhu, na ya bahari usiyanywe, chumvi yake inakumaliza haraka zaidi.

Kibla kisia kwa jua na nyota, kutoka Ascension Makka ipo kaskazini mashariki. Ijumaa haikuhusu, unaswali adhuhuri. Hesabu ya siku ikikupotea Ramadhani pia unakisia, ukija kugundua ulifunga kabla ya wakati wake utalipa, ukiwa ulichelewa imetosha.

Wallahu aalam.