"Dada, hiyo saa nane nakuja na nini?"

Swali lenu la wiki hii linauliza: mwenye biashara anayeendesha miradi kadhaa kwa wakati mmoja awaelezeje wafanyakazi wake mabadiliko, na awaambie lini? Jibu langu ni kwamba ayapange mabadiliko kwa kufuata majina ya watu wake, kisha ndipo aangalie miradi. Nilijifunza hilo kwa hasara, na kwa kuwa naamini wasomaji wengi wa gazeti hili wako pale nilipokuwa mimi, naomba nafasi nieleze kwa urefu.

Familia yetu ina bekari Morogoro. Wakandaji, wachomaji, dereva, watu wa stoo na wa kaunta wote pamoja ni kumi na wanne. Mwaka 2024 miradi mitatu ilitukuta kwa mpigo. Juni 14 mwaka ule treni ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na haikuchukua muda mauzo yetu ya asubuhi pale stendi ya Msamvu yakaanza kupungua. Tukaamua kufungua kaunta ya pili upande wa stesheni. Huo ulikuwa mradi wangu. Mdogo wangu wa kiume alikuwa na wake, kubomoa tanuri la kuni na kuweka la gesi. Mwezi Mei Serikali ilikuwa imezindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, nasi kuni mbichi za masika zilikuwa zimetuchosha siku nyingi. Mhasibu wetu alisimamia wa tatu: mali ya stoo na kaunta ihesabiwe kwa kompyuta badala ya daftari, na mishahara ipitie benki badala ya bahasha.

Ukiutazama kila mradi peke yake, ulikuwa umepangwa vizuri. Ulikuwa na bajeti, fundi na tarehe. Kila mmoja wetu pia aliamini ameshawaambia watu. Mdogo wangu alituma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp. Mhasibu alibandika tangazo kwenye mlango wa stoo. Mimi nililisema langu wakati wa chai, nikiwa nimesimama, nikielekea kwenye gari.

Kilichofuata sikukitarajia. Fundi wa tanuri alikuja usiku mmoja kupima ukuta, akawakuta wakandaji kazini. Kwa nia njema kabisa, akisifu bidhaa yake, akawaambia tanuri hilo pamoja na mashine yake ya kukandia vinafanya kazi ya watu wanne. Asubuhi yake bekari nzima ilikuwa na hesabu moja kichwani: ni nani hao wanne? Sisi hatukuwa na mpango wa kumpunguza mtu hata mmoja. Kaunta ya pili ilikuwa inahitaji mkate zaidi. Lakini hilo lilikuwa kwenye karatasi zangu, halikuwa kwenye masikio yao. Ndani ya mwezi ule wakandaji wawili, tena wale niliokuwa nikiwategemea sikukuu zikikaribia, walihamia bekari nyingine. Mmoja alipokuja kuaga aliniambia, "Dada, ungeniambia mwenyewe nisingetafuta pengine." Sikuwa na la kumjibu.

Ndipo tukakaa kikao. Mdogo wangu akaanza na habari aliyoiona njema. Tanuri la kuni lilitaka kuwashwa kwa muda wa saa tatu nzima kabla ya trei ya kwanza kuingia, ndiyo maana zamu ilianza saa nne usiku na kwisha saa kumi na mbili asubuhi. La gesi linapata moto mapema zaidi, kwa hiyo zamu ingeanza saa nane usiku na kwisha saa nne asubuhi. Watu wangelala nusu ya usiku na watoto wao. Alikuwa anatabasamu. Mchomaji wetu mkuu, mzee aliyeanza kazi enzi za baba yetu, alinyoosha mkono, akauliza, "Dada, hiyo saa nane nakuja na nini?"

Daladala za mwisho za upande wake zinapita kama saa tatu usiku. Saa nane usiku kuna bodaboda tu, na bodaboda wa saa hizo hakubali chini ya shilingi 2,000. Nililifanyia hesabu swali lake usiku ule, na naiweka hapa kwa sababu ndiyo iliyonibadilisha. Ukitoa nauli ya daladala ya 600, kila usiku anaongeza 1,400 mfukoni mwake. Kwa usiku 26 ni 36,400. Halafu kuna posho ya usiku. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, saa zilizo kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi ni za usiku, na kila saa moja inalipiwa nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Mtu ambaye saa yake ni shilingi 1,500 hupata 75 kwa kila saa. Zamu ya zamani ilikuwa na saa nane za usiku, mpya ina nne. Anapoteza 300 kila zamu, yaani 7,800 kwa mwezi. Jumla ni 44,200. Tulikuwa tumekwenda kumpa mzee wa watu zawadi ya usingizi, kumbe tunamkata mshahara. Na hapo sijamgusa mkandaji wa kike ambaye angesimama barabarani peke yake saa saba na nusu akisubiri pikipiki.

Hakuna aliyeficha kitu. Nauli haikuwamo kwenye bajeti ya tanuri kwa sababu bekari haikuwa inailipa, na kilichokuwa nje ya bajeti sisi hatukukiona.

Dawa ilitoka kwa dereva. Gari la mikate lilikuwa linalala kwake Kihonda, naye hufika kazini saa kumi alfajiri. Alisema yuko tayari kutoka saa saba, apite Mazimbu na Mafiga kuwachukua watu, mradi saa hizo zilipwe. Tukakubaliana. Mafuta na saa za dereva vimeingia kwenye gharama za tanuri, mahali vilipostahili kuwa tangu mwanzo, na posho ya usiku tuliyokuwa tumeikata kwa kutojua tumeifidia kwenye mshahara wa msingi. Tanuri likawa ghali kuliko mdogo wangu alivyoandika. Hiyo ndiyo iliyokuwa bei yake halisi.

Sasa nije kwenye miradi kuwa mingi, maana hapo ndipo nadhani wengi tunakosea. Baada ya kikao kile nilichukua kaunta buku, nikachora mistari. Kushoto niliandika majina yote kumi na manne, juu nikaandika wiki. Kila mradi nikauandika kwenye mstari wa mtu unayemgusa, wiki unapomgusa. Nilipomaliza, jina la dada wa kaunta lilikuwa limejaa wino. Mwezi huohuo alitakiwa kuhamia kaunta mpya, kujifunza kompyuta, kufungua akaunti benki, na kumfundisha msichana wa kushika nafasi yake Msamvu. Sisi watatu kila mmoja alikuwa amemwomba "kitu kidogo tu". Naye, kwa adabu yake, hakumkatalia yeyote. Alikuwa anakosea chenji na kulia stoo, na mimi nilikuwa nimeshaanza kufikiri kwamba kazi imemshinda.

Tangu siku ile tuna kanuni moja ambayo siilegezi: mtu mmoja, badiliko moja kwa wakati. La kwanza likishazoeleka, yaani yeye mwenyewe akisema limezoeleka, ndipo la pili linaingia kwenye mstari wake. Kompyuta tuliisogeza mbele miezi minne. Mhasibu aliumia, kwa sababu alikuwa ameshalipa malipo ya awali, na namwelewa. Ila mtu anayesimamia mradi huona mradi wake tu. Ni lazima awepo mmoja anayeona mistari ya watu wote, mwenye ruhusa ya kusema huu usubiri. Kwetu ni mimi. Kila Jumatatu asubuhi wasimamizi wa miradi tunakaa na daftari lile mezani kwa nusu saa, na kabla hatujaulizana fedha zimefika wapi tunaulizana wiki hii nani anaguswa.

Kuhusu lini, jibu langu ni kabla ya fundi. Kabla mtu yeyote wa nje hajapima ukuta, hajaleta mzigo wala hajaulizia bei mbele ya watu, wanaoguswa wawe wameshasikia kutoka kwa mwenye mali mwenyewe. Najua hofu iliyopo: ukisema mapema watu watatishika na wengine watatafuta kazi kwingine. Wangu walitishika na kuondoka kwa sababu sikusema. Uvumi hausubiri uwe na uhakika. Kwa hiyo nasema hata yale yasiyokamilika, ila nayatenga. Hili tumeshaamua, halirudi nyuma. Hili hatujaamua, jibu mtalipata tarehe fulani. Na hili tunaomba ninyi ndio mtuambie lifanyikeje. Tarehe nikiitaja naiandika daftarini, na siku ikifika bila jibu narudi kwao kusema jibu halijapatikana. Kurudi mikono mitupu ni kugumu mara ya kwanza, lakini ndiko kulikowafanya waniamini ya pili.

Mahali pa kusemea nako kuna uzito. Kundi la WhatsApp ni zuri kwa kukumbushana zamu. Kwa habari inayogusa mshahara halifai. Wachomaji wetu wanalala mchana, wengine hawana bando, na alama ya kusomwa haisemi mtu amebaki na wasiwasi gani. Kikao cha wote nacho kina kasoro yake, kwani ni wachache watakaouliza habari za mshahara mbele ya wenzao. Mzee wetu aliuliza kwa sababu ya umri wake. Vijana walikuwa na swali hilohilo wakanyamaza. Sasa naanza na mmoja mmoja, pale anapofanyia kazi, nikiwa nimekaa. Mkandaji namfuata wakati unga unaumuka, maana hapo mikono yake imepumzika. Namweleza mambo anayotaka kuyajua kwanza, hata kama mimi nina shauku ya kueleza mengine: mshahara wake, saa zake, mahali atakapokuwa, na kama kazi yake ipo. Sababu za biashara zinakuja baadaye, na akishajua watoto wake watakula huzisikiliza vizuri ajabu. Kisha kikao cha wote kinafanyika ili kila mtu asikie kwamba maneno ni yaleyale.

Na baada ya maneno, karatasi. Sheria ile niliyoitaja inataka maelezo ya ajira ya mfanyakazi yanapobadilika, mwajiri ashauriane naye, ayarekebishe na kumjulisha kwa maandishi. Na kama kweli mwajiri anakusudia kupunguza watu, kifungu cha 38 kinamtaka atoe taarifa ya kusudio hilo, aweke wazi taarifa zote zinazohusika, na ashauriane nao kabla: kwa nini, nini kifanyike kuepuka, nani ataguswa na kwa kigezo gani, lini, na malipo yao ya kuondoka. Zamani niliviona vifungu hivi kama vya kumwogopa mtu wa CMA, ile tume inayosuluhisha na kuamua migogoro ya kazi. Nikivisoma leo naona mtu aliyeviandika alijua maswali ambayo mkandaji hujiuliza saa tisa usiku. Hata usipopunguza mtu, chukua orodha ile uitumie kuandaa maneno yako.

Msomaji mwenye wafanyakazi 300 ataniambia hawezi kukaa na mmoja mmoja. Ni kweli. Lakini ana viongozi wa zamu, na mstari wa daftari unaweza kuwa wa zamu badala ya jina. Asichoweza kukwepa ni kuwaandaa viongozi hao kwanza, waulize maswali yao makali wakiwa naye peke yake, ili wakisimama mbele ya watu wao wasiwe wanakisia. Kiongozi wa zamu akiulizwa saa nane watu wanakuja na nini, awe analo jibu.

Wale wakandaji wawili hawajarudi. Mmoja tunaonana naye sokoni, tunasalimiana vizuri. Dada wa kaunta ndiye anayesimamia kaunta ya stesheni sasa, na kompyuta alijifunza kwa wiki mbili ilipofika zamu yake. Mdogo wangu ana wazo jipya, mashine ya kukata na kufungasha slesi, na bei aliyoipata ni nzuri kweli. Tumefungua daftari pamoja juzi. Mashine hiyo inamgusa zaidi mzee wetu wa tanuri, ambaye mstari wake umejaa kwa sababu anawafundisha vijana wawili uchomaji kabla hajastaafu. Mdogo wangu ameshampigia muuzaji simu kumwambia asubiri.