Kurudi Kitwe: safari yako ianzie Tukuyu

Dada yangu, umeuliza kama inafaa kurudi Kitwe, Zambia, ulikozaliwa wewe wakati baba yako akiwa mchimbaji katika mgodi wa shaba wa Nkana, ilhali una majina mawili tu ya majirani wa mtaa wa Wusakile. Inafaa sana, lakini anzia hapo hapo Tukuyu. Kaa na shangazi zako wangali na kumbukumbu, uandike namba ya nyumba, kanisa mlilosali na hasa majina ya utani ya wachimbaji, kwa sababu mtaani mzee hukumbukwa kwa jina hilo kuliko lile la kitambulisho. Nyumba nyingi za migodi ziliuzwa kwa wafanyakazi waliokuwa wakiishi humo, kwa hiyo huenda ukamkuta mtoto wa jirani pale pale. Mimi nilipomtafuta baba yangu mdogo huko, mzee mmoja wa kanisa ndiye aliyenifikisha mlangoni.

Utavuka mpaka wa Tanzania na Zambia hapo Tunduma kwa basi. Ukichagua treni ya TAZARA, inaishia Kapiri Mposhi, na hapo utaunganisha basi. Noti za kwacha alizotunza marehemu mama hazitumiki tena, kwani sarafu ilifutwa sifuri tatu mwaka 2013, ila zibebe uwaoneshe wenyeji. Chukua pia majani ya chai ya Rungwe, ujifunze kuwaamkia wazee kwa Kibemba, “Muli shani,” na suala la kaburi la kaka yako aliyezikwa huko usilianzishe siku ya kwanza. Subiri mwenyeji wako alitaje mwenyewe.