Kipimo cha damu kilisema moyo wa mjomba ni mzima

SWALI: Daktari, mjomba wangu mwenye umri wa miaka 58 alibanwa na kifua saa 5 usiku hapa Tororo. Tulimkimbiza kwa bodaboda hadi kliniki ya jirani, wakamtoa damu kidogo wakaidondoshea kwenye kipande cha plastiki kama kile cha malaria. Ulitokea mstari mmoja tu, tukaambiwa moyo ni mzima, akapewa dawa za vidonda vya tumbo. Kesho yake mchana hospitali nyingine ilimpima ikasema ni mshtuko wa moyo. Je, kipimo cha kwanza kilikuwa kibovu? Na mimi nisiyeumwa, nipime kila mwezi?

JIBU: Poleni sana. Huenda kipimo hakikuwa kibovu, bali kilifanywa mapema mno. Kinachotafutwa pale ni troponini, protini iliyomo ndani ya chembe za misuli ya moyo. Mshipa unaolisha moyo ukizibwa na damu iliyoganda, chembe hizo hukosa oksijeni na kuanza kufa, na troponini yake huvuja polepole kuingia katika mzunguko wa damu. Kwa vipimo vya kawaida huchukua saa kadhaa kuonekana, na ikishapanda hubaki kwenye damu kwa wiki moja au zaidi. Ndiyo maana mchana ilipatikana bila shida.

Mashine za maabara zenye uwezo mkubwa huona hata chembechembe za troponini, kwa hiyo sampuli ya pili huweza kuchukuliwa baada ya saa 1 hadi 3. Kipande cha plastiki hakioni kiasi kidogo namna hiyo. Hata kwenye mashine bora, tabibu haangalii namba moja peke yake, kwa sababu mgonjwa wa figo anaweza kuwa na troponini ya juu siku zote. Anachotafuta ni namba inayopanda au kushuka kati ya sampuli mbili.

Kosa ninaloliona mimi ni kumruhusu mzee arudi nyumbani kwa mstari mmoja wa usiku. Alistahili kupimwa umeme wa moyo ndani ya dakika 10 tangu afike, kisha damu irudiwe. Umeme ukionyesha wazi kwamba mshipa umeziba, matibabu huanza bila kusubiri majibu ya damu.

Kuhusu wewe, kupima troponini kila mwezi ni kupoteza fedha, kwani kazi yake ni kuonyesha moyo ulioumia tayari, si kubashiri utakaoumia mwakani. Pima shinikizo la damu, sukari na kolesteroli. Ukibanwa na kifua, nenda hospitali mara moja na umtajie mhudumu saa maumivu yalipoanza, ili ajue damu irudiwe lini.