Kwa mnaoanza wodini Mbeya: jifunzeni kusoma pumzi

Wadogo zangu mnaoanza uuguzi na utabibu huku, somo la upumuaji msilikariri kwa ajili ya mtihani halafu mkaliacha bwenini. Shikeni hili kwanza: mtu mwenye afya husukumwa kuvuta pumzi inayofuata na kabonidayoksaidi inayojikusanya mwilini. Ikipanda kidogo tu, asidi huongezeka katika umajimaji unaozunguka ubongo, vipokezi vya kwenye medula, sehemu ya chini ya ubongo, vinahisi, na amri inashuka hadi kwenye kiwambo, msuli ulio chini ya mapafu, na misuli ya mbavu. Oksijeni ina walinzi wake, vinundu vidogo kwenye ateri za shingoni, lakini hao hushtuka hasa kanieneo la oksijeni kwenye damu linaposhuka na kukaribia milimita 60 za zebaki.

Mliotoka Dar mtahema mkipanda vilima. Mji uko kama mita 1,700 juu ya bahari. Oksijeni ni asilimia 21 ileile, ila kanieneo la hewa limepungua kwa karibu moja ya tano. Mtazoea.

Kuna jambo moja la huku ambalo ningependa lifundishwe siku ya kwanza. Juni na Julai watu hulala na jiko la mkaa ndani, mlango na madirisha vimefungwa. Mkaa ukiungua hutoa kabonimonoksaidi, gesi isiyo na harufu. Inang'ang'ania himoglobini, kibeba oksijeni cha kwenye damu, na kuinyima oksijeni nafasi, lakini oksijeni iliyoyeyuka kwenye plazima, yaani majimaji ya damu, inabaki ilivyo, na hiyo ndiyo vinundu vya shingoni vinayoipima. Kwa hiyo kengele hailii. Mgonjwa anakuja na kichwa, kichefuchefu na usingizi mzito, bila kuhema kama ulivyotarajia, na kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni kinaweza kukuonyesha asilimia 98 safi kabisa. Usikiamini. Uliza walilalaje, na nani mwingine nyumbani ameamka na kichwa. Mwanzishie oksijeni kwa barakoa na umwite mkubwa wako wa zamu.

Kuhusu kuhesabu pumzi: chati ambayo wodi nzima inapumua mara 20 kwa dakika imeandikwa na mtu aliyeketi mezani. Hesabu dakika nzima. Usimwambie mgonjwa unachohesabu, maana pumzi inatii pia matakwa ya mtu, na akijua tu ataibadilisha. Mshike mkono kana kwamba bado unapima mapigo, macho yako yawe kifuani.

Kwa watoto idadi hiyo inaamua matibabu. Mwenye kikohozi, wa miezi 2 hadi 11, akifika 50 anahema haraka. Kuanzia mwaka mmoja hadi kabla ya mitano, ni 40. Hesabu akiwa ametulia, halii wala hanyonyi. Tena mfunue: huku mtoto huletwa na sweta mbili na blanketi juu, huwezi kuona kifua kinachobonyea chini ya mbavu. Mama atasema baridi. Mwombe dakika moja, kisha msaidie kumfunika.