Korosho za zawadi kwa ndugu kumi

Dada, umeuliza zawadi ya Krismasi kwa ndugu kumi bila kuumiza mfuko. Ukiwa Masasi, kule Mtwara kunakolimwa korosho, mimi nasema korosho. Nunua kilo mbili zilizobanguliwa, hata vipande, bei yake ni nafuu. Zenye maganda ziache, mafuta yake huunguza ngozi. Yeyusha kijiko cha chai cha chumvi katika nusu kikombe cha maji, nyunyizia, anika zikauke. Kaanga kwa moto mdogo ukigeuza bila kuacha, epua rangi ikianza tu kugeuka, maana huendelea kuiva zenyewe. Wengi huharibu mwishoni: wanafunga zingali vuguvugu, mvuke unanasa, zinalegea. Zipoe kabisa, ndipo ujaze chupa za jemu zilizokauka vizuri. Kipande cha kanga mfunikoni, basi. Bibi asiye na meno? Zake zisage, atie kwenye uji.