Upepo wa kusi ni nomino gani?

SWALI: Mwalimu, asalaam aleikum. Binti yangu yuko gredi ya tano. Juzi alirudi na zoezi la Kiingereza la kutenga nomino: dhahania, yaani za mambo ya fikra tu, upande huu, za vitu halisi upande ule. Alikosa mawili. "Wall" aliitia kwenye dhahania, na nilipomuuliza akanambia, "Mama, si ukuta unaanza na U, kama upendo na uzuri?" "Wind" akaitia kwenye vitu halisi kwa sababu baba yake ni nahodha. Hiyo nayo ikakatwa kwa wino mwekundu na kuandikwa kando, "Hauonekani." Baba mtu alicheka mpaka akakaa chini. Tumsikilize nani? — Mama wa Shela

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Nianze na la upepo, maana ndilo lililonichoma. Binti yuko sawa. Kalamu nyekundu ndiyo iliyopotea njia.

Wala simcheki mwenye kalamu. Nilipoanza kufundisha hapa Amu (Lamu), nami nilikuwa nikiwaambia watoto kwamba kisichoonekana ni dhahania, tena kwa sauti ya juu. Aliyenikomesha ni kijana mmoja wa Matondoni, mtoto wa fundi wa majahazi. Nilikuwa nimeandika "smell" ubaoni, upande wa dhahania. Akanyosha mkono: "Mwalimu, samaki ng'onda walioanikwa kule nje wanatufikia hadi humu darasani. Hiyo harufu si kitu?" Darasa zima likavuta pumzi kwa pamoja. Nikachukua kifutio.

Jicho ni mlango mmoja tu kati ya mitano. Kuna kusikia, kunusa, kuonja na kugusa. Chochote kinachoingia kwa mlango mmojawapo ni kitu halisi. Upepo wa kusi unakupiga shavuni, unajaza tanga mpaka foromali, ile boriti yake, inalia, unachota mchanga wa hapo kwenu Shela na kukutia machoni. "Music" ni halisi pia, kwa sababu masikio yanaipokea. Sasa chukua "courage". Nahodha akitoka usiku na bahari imechafuka, utamwona ameshika usukani, utasikia anavyowaamrisha mabaharia. Ujasiri wenyewe je? Hauna rangi, hauna sauti, hauna uzito. Unaujua kwa kumtazama yeye anavyofanya.

Nomino za vitu halisi kwa Kiingereza huitwa "concrete", na neno hilo limewachanganya wengi, kwa kuwa ndilo Waingereza wanaloitia zege. Asili yake ni Kilatini, na maana yake ni kilichokua pamoja kikashikamana. "Abstract", yaani dhahania, ni kilichovutwa kando. Ndiyo hivyo: unamtazama mtu mwema, unauvuta wema wake kando, unaupa jina peke yake, "goodness".

Kwenye ukuta binti alikosa, ila ni kosa la mtoto anayefikiri. Kiswahili huunda dhahania kwa U kweli: zuri, uzuri, mtu, utu, rafiki, urafiki. Lakini U hiyohiyo imebeba ukuta, ufunguo, ubao na uzi. Tena sarufi yetu haiwabagui: uzi umekatika, urafiki umekatika. Upatanisho ni uleule, basi mtoto atajuaje? Atajua kwa kuuliza kitu chenyewe, si kwa kutazama herufi ya mwanzo. Na Kiingereza nacho kina mikia yake ya kutega. "Kindness", "friendship", "childhood", "freedom", zote dhahania. Halafu inakuja "witness", ina mkia uleule wa "kindness", kumbe ni shahidi, mtu mzima unayeweza kumkaribisha kahawa.

Na maadamu tumefika hapa, msichanganye dhahania na isiyohesabika. "Idea" ni dhahania, na "three ideas" ni Kiingereza safi. "Furniture" ni vitanda na viti unavyojigonga navyo gizani, lakini "furnitures" hakuna. "Advice" ni dhahania na haihesabiki, kwa hiyo ile "advices" ninayokutana nayo kila wiki kwenye barua za kuomba kazi, tuiache.

Kuhusu shule: nenda mwenyewe, vipindi vikiisha, si mbele ya watoto. Kubali kwanza kosa la ukuta, kisha muulize mwalimu kwa upole kama upepo tunausikia ngozini au hatuusikii. Mwenye kuudhika kwa swali hilo ni nadra. Ila baba yake mwache nyumbani, mama. Akianza kucheka tena, hata alama ya haki hamtaipata.